Kovu la Bibi Halimo Pichani

Bibi yangu alikuwa na kovu la moto kwenye shavu la kushoto. Alilipata utotoni, sufuria ya mawese ilipopinduka jikoni, na likabaki laini, liking'aa kidogo kuliko ngozi nyingine ya uso wake. Sisi wajukuu tulilijua kwa vidole kabla ya kulijua kwa macho, maana ukipakatwa ndilo lililokuwa karibu. Alipofariki, nyumbani kwetu Gungu, mjini Kigoma, vijana walitumwa mtaa wa Mwanga wakatengeneze picha ya kuweka mbele ya jeneza. Ikarudi kwenye fremu nzuri ya dhahabu. Mama aliyekuwemo alikuwa mweupe kiasi, uso laini kama wa msichana, macho yamekolezwa, na nyuma yake bustani ya maua ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona Kigoma. Kovu halikuwepo. Shangazi aliishika fremu kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akaniambia taratibu: "Baba, huyu si mama."

Simlaumu kijana aliyeitengeneza. Alifanya kazi anayoombwa kila siku, na sisi wenyewe ndio tuliomwambia aing'arishe. Kilichoniuma ni kilichofuata. Tulipoitafuta picha ya awali, haikupatikana. Binamu aliyeipiga alikuwa ameshabadilisha simu, na ile ya zamani ilidondoka Ziwa Tanganyika, mwaloni Kibirizi, wakati wa kupakua dagaa. Iliyobaki ni nakala iliyopunguzwa na WhatsApp, tena ilikuwa imeshapitishwa kwenye filta na mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Hatukuwa na mahali pa kurudi.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyasikiliza kwa sikio jingine mabishano ya mkanda, ile filamu ya kamera za zamani, na dijitali. Wapo wanaosema picha za mkanda zina uhai na za dijitali ni baridi. Wapo wanaowacheka hao na kuhesabu megapikseli. Hoja zote mbili nazielewa, ila kwa mji kama wetu naona zinapita kando ya jambo lenyewe. Ninachotaka kujua ni hiki: picha ikishapita mikononi mwa watu, ikakatwa, ikapakwa rangi, ikang'arishwa, kuna kitu kilichobaki mahali fulani kama kilivyokuwa? Mkanda ulitupa kitu hicho bila sisi kuomba. Dijitali inaweza kutupa pia, tena kwa wepesi zaidi, lakini inataka mtu aamue kukitunza. Na sisi hatuamui.

Baba mdogo alikuwa na studio Ujiji. Chumba kimoja, pazia lililochorwa ziwa na meli, stuli moja, taa mbili, na kamera aina ya Yashica, ile ya kutazamia juu, inayotumia mkanda wa 120. Mkanda mmoja ulitoa picha 12 za mraba, sentimita 6 kwa 6. Kumi na mbili tu, na kila moja ina gharama yake. Kwa hiyo kabla hajabofya alikuwa ameshakugeuza kidevu, ameshakukunjulia kola, na ukiwa nje ameshasubiri wingu lipite. Watu wanaosifu nidhamu ya wapiga picha wa zamani wajue kwamba bei ya mkanda ndiyo iliyokuwa mwalimu.

Likizo za shule nilikuwa namsaidia. Ndani ya mkanda kuna chembe za chumvi ya fedha zilizoshikwa na jelatini. Mwanga ukizigusa unaacha alama isiyoonekana. Dawa ya kwanza huzigeuza zile zilizoguswa kuwa fedha halisi, nyeusi. Dawa ya kukaza, ambayo mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliionyesha kwa wapiga picha mwaka 1839, huyeyusha zile ambazo hazikuguswa. Halafu maji, maji mengi, maana dawa ikibaki kwenye picha huigeuza njano baada ya miaka. Maelekezo ya mikanda mingi ya nyeusi na nyeupe yalitaka dawa iwe nyuzi 20. Kigoma maji ya ndoo yakikaa chumbani saa saba mchana hayapo nyuzi 20. Yakizidi joto, picha inaiva haraka mno na jelatini inalainika hata inaweza kukunjamana. Kazi yangu ya kwanza katika taaluma hii ilikuwa kukimbilia barafu kwa wauza samaki, kuivunjavunja, na kuzungushia beseni la dawa mpaka kipimajoto kishuke.

Mteja alikuja kesho yake akaondoka na karatasi. Negativu, yaani mkanda wenyewe uliosafishwa, ambao nyeusi huonekana nyeupe na nyeupe nyeusi, ilibaki. Baba mdogo aliikata vipande, akaitia kwenye bahasha, akaandika jina na tarehe, bahasha ikaingia kwenye bati la biskuti. Karatasi ilikuwa nakala na kila mtu alijua ni nakala. Ikilowa, ikichanika, ikiibwa na mchumba aliyekasirika, unarudi studio na tarehe yako, unasafishiwa nyingine.

Usidhani lakini kwamba enzi hizo picha hazikuhaririwa. Baba mdogo alikuwa na penseli zenye ncha kali kama sindano. Chunusi nyeusi usoni ni doa jeupe kwenye negativu, na yeye alilijaza kwa vinukta vidogo vidogo vya penseli mpaka likalingana na ngozi. Wengine walipaka picha rangi kwa brashi, midomo ikawa myekundu na gauni likawa la bluu. Na kwingineko duniani mambo makubwa zaidi yalifanywa kwa wembe na wino. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Urusi ya Kisovieti, alipigwa picha akitembea kando ya Stalin, kiongozi wa nchi hiyo, ukingoni mwa mfereji. Mwaka 1940 aliuawa, na katika picha hiyo hiyo mahali pake pakawekwa maji. Leo tunajua aliondolewa kwa sababu moja tu, kwamba ile ya kwanza ilisalimika na tunaweza kuziweka pamoja. Hata penseli ya baba mdogo ilionekana ukiiinamisha negativu kwenye mwanga: upande mmoja unaona alama za penseli zinameta. Mkono wa mhariri uliacha nyayo. Na makovu alikuwa hayagusi mpaka mwenyewe aombe.

Sasa niseme kwa haki upande wa pili, maana nimeona watu wakiupenda mkanda kwa kuusahau ulivyotutesa.

Simama Kibirizi saa sita mchana. Dagaa wametandazwa mchangani, maji yanameta, mabati yanameta, na katikati yupo mvuvi mweusi kama mimi amevaa kofia. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina kijivu cha wastani. Kikiona mng'ao wote ule hupunguza mwanga, na uso wa mvuvi unakuwa doa. Baba mdogo alijua kukaidi kipimo: alifungua lenzi zaidi, akampa mtu mwanga anaoustahili, akijua mkanda wa negativu unavumilia mwanga uliozidi na anga ataishusha baadaye chumbani gizani. Kamera ya dijitali iko kinyume. Kihisi chake, kile kipande kinachopokea mwanga badala ya mkanda, kikishajaa mwanga, hapo ni peupe, hakuna kitu cha kuokoa, ndiyo maana wapiga picha wa leo hulinda anga kwanza kisha huinua kivuli kwenye kompyuta. Simu za siku hizi zinafanya jambo la busara zaidi: zinapiga picha kadhaa kwa mfululizo, nyingine za giza na nyingine za mwanga, kisha zinaziunganisha kufumba na kufumbua. Picha ya mchana Kibirizi iliyopigwa leo na simu ya kawaida ina uso wa mvuvi na ina ziwa. Wengi wetu hatukuweza hilo na mkanda, hata na barafu yetu yote.

Kwenye rangi ndiko tulikoumia zaidi. Mikanda ya rangi hatukuisafisha studio kwetu. Dawa yake ya kwanza inataka joto la nyuzi 38 lisilopanda wala kushuka, na Kigoma kwa miaka mingi ilikuwa mji wa umeme wa jenereta. Tuliituma Dar es Salaam kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na tukasubiri. Picha zikirudi, bwana harusi mweusi alikuwa suti na meno tu, huku shada jeupe la bibi harusi likionekana kila ua. Tulidhani ni kosa letu. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba sehemu kubwa ya kosa lilikuwa limepikwa kiwandani. Kwa miongo mingi maabara za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya mfano iliyotoka kampuni ya mikanda ya Kodak, yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Rangi ya ngozi yake ikikaa vizuri, mashine imekaa vizuri. Sisi wengine tulikuwa nje ya hesabu. Waliofanya kazi Kodak wamewahi kueleza kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya nyuso zetu. Kadi yenye wanawake wa rangi tofauti ilitoka miaka ya 1990, wakati mkanda wenyewe ulikuwa unakaribia kuondoka jukwaani.

Dijitali ndiyo iliyotutoa hapo. Kampuni ya Tecno ilijitafutia soko Afrika kwa kutengeneza simu zinazojua kuupima uso mweusi. Google nayo mwaka 2021 ilileta kwenye simu za Pixel mfumo ilioutengeneza mahsusi ili ngozi nyeusi isififishwe wala kupaushwa. Kwa mara ya kwanza mama wa Katonga anaweza kupigwa picha jioni barazani kwake, taa moja tu inawaka, na akaonekana alivyo, pamoja na kahawia yake yote.

Na ni sasa hivi, mashine ikiwa imejifunza kutuona, ndipo tunapoiomba itubadilishe. Pita studio na stesheneri za Mwanga uombe picha ya pasipoti. Kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, uso wako umeshapanda ngazi mbili za weupe kwenye kompyuta. Hakuna aliyekuuliza, kwa kuwa wateja kumi waliokutangulia walitaka hivyo. Picha za harusi ni zaidi: mashavu ya plastiki, pua iliyobanwa, mkwe wa miaka 60 asiye na kunyanzi hata moja. Hili linanisikitisha kuliko jambo jingine lolote katika kazi hii. Wazazi wetu walinyimwa nyuso zao na kemia ya watu wengine. Sisi tunajinyima wenyewe, tena tunalipia.

Nikisema hivyo, wapenzi wa mkanda hunishika mkono na kusema: unaona, dijitali ni uongo. Hapana, siko nao. Kihisi cha kamera ya dijitali kwa asili hakioni rangi, kinahesabu mwanga tu. Mbele yake huwekwa kichujio chenye vyumba vidogo vidogo vya kijani, chekundu na bluu, mpango uliosajiliwa na Bryce Bayer wa Kodak mwaka 1976: nusu ya vyumba ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo ni vya bluu. Kila nukta inapokea rangi moja tu, mbili zilizobaki zinakadiriwa kutoka kwa majirani zake. Maana yake theluthi mbili za takwimu za rangi katika picha ya kawaida zimepigwa hesabu kabla yeyote hajagusa programu. Mtu anayejisifu kwamba picha yake "haijahaririwa" amehaririwa na kiwanda. Lakini mkanda nao ulikuwa na wakemia walioamua nyekundu iwe nyekundu ya namna gani, na kadi ya Shirley imeshatuonyesha waliamua kwa ajili ya nani. Picha isiyopitia uamuzi wa mtu haipo. Kinachotofautisha picha na picha ni kama uamuzi huo unaweza kukaguliwa.

Kigoma tuna mfano wa karibu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika msitu wa Gombe Julai 1960, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameona sokwe akichokonoa kichuguu kwa bua la nyasi na kula mchwa walioling'ang'ania. Msichana ambaye hata shahada ya kwanza hakuwa nayo anasema mnyama anatengeneza zana, nani angeamini? Picha zilihitajika. Mwaka 1962 jarida la National Geographic lilimleta mpiga picha Hugo van Lawick, na yeye akapanda vilima vile vyenye unyevu na kamera za mkanda, akipiga bila uwezo wa kutazama alichokipata siku hiyo. Picha zake na filamu zake ndizo zilizowafanya watu wa mbali wawaone sokwe wetu kwa macho yao. Jarida hilo hilo, Februari 1982, lilisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada lililosimama wima. Watu walikasirika, na walikuwa na haki, maana tangu hapo msomaji ana ruhusa ya kujiuliza kama na mkono wa sokwe ulisogezwa. Haukusogezwa. Ila ili kulijibu swali hilo kwa uhakika unahitaji kwenda kwenye chanzo.

Wanaofanya kazi ya habari wameshalielewa hili. Shindano la World Press Photo huwataka wapiga picha waliofika hatua za mwisho walete faili ghafi kama lilivyotoka kwenye kamera. Mwaka 2015, baada ya kulinganisha, waliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho. Faili ghafi ndiyo negativu ya dijitali. Ipo. Kamera zote za maana zinaitoa, na simu nyingi za bei ya juu pia. Hata simu ya kawaida inabaki na picha ya kwanza usipohifadhi juu yake. Tatizo letu ni mazoea: tunahariri juu ya ile ile, tunatuma kwa WhatsApp, tunafuta ili kupata nafasi, mpiga picha wa harusi anafuta kadi Jumatatu ili aitumie Jumamosi.

Ningekuwa na nguvu ya kuwasemesha wapiga picha wa mkoa huu, ningewaomba kazi moja tu. Mpe mteja picha mbili, uliyoipamba na ile uliyoipiga, na usiifute ya pili. Diski ya nje inayobeba harusi za mwaka mzima haizidi malipo ya harusi moja. Mteja naye akitumiwa picha ya mzazi wake aombe itumwe kama faili, isitumwe kama picha, ili isipunguzwe.

Mkanda nao haujaokoka. Studio za Ujiji na Mwanga zilifungwa moja baada ya nyingine simu zilipoingia, na nimeona kwa macho yangu gunia la negativu likimwagwa kwenye moto nyuma ya duka. Nyuso za miaka 30 ziliteketea kwa robo saa. Zilizobaki kwenye mabati zinaoza kwa joto na unyevu wa ziwa. Plastiki yake ikianza kuvunjika inatoa harufu ya siki, na ukungu unaila jelatini kama mkate. Mwenye bati la namna hiyo chini ya kitanda asingoje mradi wala mfadhili. Weka negativu juu ya kioo cha simu kinachoonyesha weupe mtupu, uiinue kidogo kwa kipande cha kioo safi ili nukta za skrini zisionekane, piga kwa simu nyingine, kisha geuza nyeusi iwe nyeupe kwenye programu yoyote ya picha. Si kazi ya makumbusho, lakini uso unarudi.

Hivyo ndivyo nilivyofanya mwenyewe. Baba mdogo ameshatangulia, bati lake lilikuwa kwa mjane wake. Shangazi alikumbuka kwamba mdogo wake aliwahi kumkalisha mama yao studio, mwaka wa mavuno mazuri. Tulipekua bahasha siku mbili. Tuliipata imeandikwa kwa mwandiko wake ulioinama, 1978, "Mama". Nikaiinua dirishani. Uso ulikuwa mweupe, kitenge cheusi, na kwenye shavu doa jeusi lenye umbo nililolijua.

Nilipeleka faili Mwanga, kwa kijana yule yule, kwa kuwa kompyuta yake ni nzuri na mikono yake ni mizuri. Negativu ya zaidi ya miaka 40 imejaa vumbi, mikwaruzo na vidoa vya ukungu. Aliikuza mpaka uso ukajaa kioo, akaniuliza afute vidoa vipi na aache vipi. Sikuweza kumjibu kwa uhakika. Shangazi akavuta kiti, akaketi kando yake, na mchana mzima akawa anamwonyesha kwa kidole doa moja baada ya jingine: hili vumbi, hili vumbi, hili mama.